Mate Yangu Kwenye Kikombe cha Mama

Nilitema mate kwenye kikombe cha mama. Si kikombe cha chai, ingawa na hicho tuna historia yetu. Ni kikombe cha maabara, cha plastiki, chenye mistari midogo ubavuni na kifuniko cha bluu, ambacho mama alipewa hospitalini ili adondoshee mate yake yapimwe. Nilitema mara ya kwanza, nikaona bado, nikaongeza. Na wakati natema, kusema kweli, nilijiona mtoto bora kuliko watoto wote wa mtaa wetu wa Ngokolo.

Subiri nieleze, maana ukiishia hapa utatamani kunipiga.

Mama anauza matobolwa sokoni. Kwa asiyeyajua, ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama kisigino cha mkulima. Unatafuna polepole na chai. Akina mama wa vijijini huyaleta kwa magunia, na kabla ya kununua, mama huzamisha mkono katikati ya gunia, anachomoa kipande, anatafuna, anatulia, halafu anasema "haya" au anasema "rudisha." Kipande kinamwambia kama viazi vilinyeshewa vikiwa juani, au kama vilianikwa kando ya barabara vikala vumbi la malori. Hakuna mizani ya jambo hilo. Mizani ni mdomo.

Basi mdomo ukagoma. Akitafuna, kipande kinageuka unga, kinaganda kwenye fizi, hakishuki. Siku moja nilimwona anakitoa kwa kidole mbele ya mwenye gunia, amegeuzia uso ukutani kwa aibu. Tangu hapo nikitoka shule akawa ananiita, "Njoo utafune." Natafuna mimi, natoa hukumu mimi, ananunua yeye. "Wewe ndo mdomo wangu sasa," akasema. Kazi hiyo niliipokea kwa heshima zote na mashavu yakaniongezeka.

Wakati huo bado ilikuwa ni mzaha. Mama alikuwa anatembea na chupa ya maji kila mahali, sokoni, kanisani, chooni, nami nikambatiza jina la Bandari Kavu, kama ile ya Isaka ambako baba yangu anapakua mizigo: maji hayapo, meli hazifiki, lakini mizigo yote lazima ipite kwake. Alicheka. Akicheka, midomo inapasuka, anashika chupa.

Kitu kimoja tu hatukukitania. Kwao mama, mtoto akitoka kwenda kwenye jambo zito, safari au mtihani, mzazi anamtemea mate kidogo kwenye kiganja na kumsemea maneno, naye mtoto anajipaka kifuani. Nilipofanya mtihani wa kidato cha pili alinitemea vizuri tu, nikalalamika kwamba ni mengi. Safari hii nilikuwa kidato cha nne, mtihani wa mwisho unakuja, na mama alikuwa hasemi chochote kuhusu kiganja changu. Nami siulizi.

Mdomo tungeuzoea. Kilichotuingiza matatani ni macho.

Macho yake yalikuwa yanawasha, anasema kuna mchanga ndani, anayafikicha mpaka yanakuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha kwenye moshi. Kisha bibi, mama yake baba, akafariki, tukaenda kijijini kuzika. Bibi ndiye aliyemfundisha mama kuanika matobolwa. Walikuwa wakikaa pamoja huwezi kujua kama mama ni mkwe au ni binti. Mama alilia pale mpaka sauti ikakatika. Alilia kwa sauti, kwa mabega, kwa magoti. Lakini chozi hakuna. Uso mkavu, macho mekundu.

Shangazi yangu, dada yake baba, akamsogelea mbele ya wanawake wote waliokuwa wanamenya viazi. "Mayu," akamwambia, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, "mbona unalia na chozi silioni?"

Visu vikasimama.

Kwa msomaji wa mbali: kwetu macho mekundu ya mwanamke si utani. Kuna mabibi walioyapata kwa kupikia samadi ya ng'ombe miaka yao yote, watu wakayasoma kuwa ni uchawi, na yaliyowakuta mimi mwenyewe, na domo langu hili, siyafanyii mzaha. Tuliporudi mjini maneno yalikuwa yameshatangulia. Mwenye gunia mmoja akahamia kwa muuzaji mwingine. Jirani akaacha kumtuma mwanawe kwetu kuomba chumvi. Baba akapiga simu kutoka Isaka akasema neno moja, "Mkapime," kisha akaongeza, "Mkapime kila kitu."

Tukapima. Sukari, hakuna. Virusi, hakuna. Kifua kikuu, hakuna. Mtaani wakasema ni zebaki, ile wanayokamatia dhahabu, kwa sababu zamani tuliishi Bugarama na mama alikuwa akiwapikia maapolo, vijana wanaoshuka mashimoni. Mama akajibu kwamba yeye alikuwa anakamata sufuria.

Mwishowe, kwenye hospitali kubwa, tukampata daktari mmoja mwanamke ambaye badala ya kuandika alianza kuuliza.

"Mama, ukila chakula kikavu kinashuka?"

"Mpaka nikisukume na maji."

"Meno?"

"Yanameguka."

"Ukikata vitunguu unatoa machozi?"

"Hata vitunguu, daktari."

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema kinga ya mwili ni kama walinzi wa getini. Kuna watu ambao walinzi wao huchanganyikiwa wakaanza kuwapiga wenye nyumba, na kwa wengine kipigo kinaangukia tezi za mate na za machozi. "Nina mashaka, sina uhakika. Kipimo kimoja hakitoshi. Tutapima machozi, tutapima mate, tutachukua damu, na vikielekea huko nitakata kijinyama kidogo ndani ya mdomo wa chini, kikaangaliwe kwa darubini."

Mama akauliza swali moja tu. "Mkiupata, nitakuwa na cha kuwaambia watu?"

"Utakuwa nacho."

Niliona mabega yake yanashuka. Sikuwa nimejua kumbe yalikuwa juu muda wote huo.

Siku ya vipimo mtaalamu wa maabara alikuwa kaka mmoja mrefu aliyevaa koti jeupe lililomfupia mikono. Akaanza na macho. Alikuwa na vikaratasi vyembamba, ncha imekunjwa, akavining'iniza kwenye kope za chini, kimoja kila jicho, akamwambia afumbe. Chozi likiwepo, karatasi inalowa kushuka chini.

"Mama, unatoa risiti," nikamnong'oneza.

"Nyamaza wewe, usinichekeshe, vitaanguka."

Havikulowa. Ncha tu ndiyo ilibadilika rangi kidogo. Yule kaka akaandika, akavitoa, kisha akampa kikombe.

"Hiki sasa ni cha mate. Usimeze, usiongee, usijilazimishe kutema. Inama tu, acha yajikusanye yenyewe, yadondoke. Robo saa." Akategesha simu yake, akaitwa chumba cha pili, akaenda.

Tukabaki wawili. Mimi nimeshika chupa yake ya maji, kwa sababu alikatazwa hata kulowesha ulimi, na nimeweka ubuyu mdomoni, kwa sababu mimi nisipomumunya kitu natetemeka miguu. Mama akainama. Hakuna kitu. Akafungua mdomo zaidi. Kapovu keupe kakatokea kwenye ncha ya mdomo, kakakataa kuanguka. Umewahi kuona ng'ombe wetu wakati wa kiangazi wamesimama kwenye lambo lililokauka, wanachungulia tope? Alikuwa anakichungulia kikombe hivyohivyo.

Akaniangalia. Ulikuwa uso uleule wa siku ya kile kipande na mwenye gunia.

Vile vikaratasi vilikuwa vimeyachokoza macho, akayafumba, akaegemeza kichwa ukutani, na mkono wenye kikombe ukashuka mpaka kwenye benchi, karibu kabisa na goti langu. Na mimi nikafikiri, kama kule kulikuwa ni kufikiri: huu ni mtihani, muda unaisha, na karatasi ya mama iko tupu. Darasani kwetu mwenzio akikwama humwachi. Halafu mimi si ndiye mdomo wake? Matobolwa natafuna mimi, mate yatanishinda nini? Ubuyu ulikuwa umenijaza mpaka kwenye masikio. Nikainama taratibu. Mengine mnayajua.

Simu ikalia. Mama akashtuka, akachungulia kikombe.

"Yametoka?" akauliza, kwa mshangao wa mtu aliyekuta hela kwenye kanga ya zamani.

Yule kaka akakipokea, akakiinua kwenye mwanga. "Ee, mama! Mbona una mengi kuliko mimi?" Akakizungusha. "Yana wekundu kidogo. Umekula kitu?"

"Sijatia kitu mdomoni tangu niamke."

"Basi ni fizi hizo."

Nikaumeza ubuyu na kokwa yake.

Daktari aliposoma, alitazama karatasi, akatazama ulimi wa mama uliopasuka kama jaruba lililokosa mvua, akatazama tena karatasi. "Macho nayaelewa," akasema. "Mdomo siuelewi. Huu ulimi na hiki kikombe havitoki nyumba moja. Lakini kwa mate haya siwezi kukukata mdomo leo." Akampa matone ya macho, akasema damu itasubiri kwanza, arudi baada ya miezi kadhaa, tuone.

Nje, mama alikaa kwenye ukingo wa saruji wala hakuomba chupa.

"Kwa hiyo si ugonjwa," akasema.

"Si ndo vizuri?" nikasema mimi, nikiwa nimetabasamu kabisa.

"Kama si ugonjwa, ni nini? Shangazi yako alishasema ni nini."

Tabasamu lilinigandia usoni, sikujua nilipeleke wapi.

Siku zilizofuata sikuweza kukaa. Darasani nilihama dawati mpaka mwalimu akaniuliza kama nina funza. Nikilala naamka, nikiamka nataka kulala. Sokoni nilitafuna kipande nikasema "haya" bila kukisikia ladha, na gunia lilipofunguliwa chini lilikuwa limeota ukungu. Mama hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua.

Shangazi akaja Jumapili baada ya ibada. Mama akamkaribisha, akamwekea chai.

"Hospitali wamesemaje, wifi?"

"Wamesema mate yapo."

"Yapo?"

"Yalijaa."

"Mhm," akasema shangazi.

Walizungumza habari za mvua, za mahindi, za kuku wa mtu. Shangazi hakuigusa ile chai. Aliizungusha kidogo kwa mpini wa kikombe, akaiacha, na utando ukajitengeneza juu. Alipoaga, mama akainua kikombe kile kilichojaa, akaenda nacho nyuma ya nyumba. Nikasikia akimwaga. Kwetu mtu akikataa chai ya nyumba yako hana haja ya kuongeza neno.

Kesho yake asubuhi nilivaa sare, nikabeba begi, nikapita shule kama vile siijui, mpaka hospitali. Yule kaka wa maabara alikuwa anapanga chupa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Yale mate ni yangu."

"Mate gani?"

"Ya mama. Yale mengi. Ule wekundu ni ubuyu."

Akaacha kupanga chupa. Nilitegemea kofi, nikakaza shavu. "Dogo," akasema, "hapa watu wanakuja kuiba dawa, wanaiba mpaka sabuni. Wewe umemwibia mama yako ugonjwa."

Akanishika bega mpaka kwa daktari. Nikarudia yote. Daktari hakupandisha sauti, na hilo ndilo baya zaidi.

"Ulifikiri nini?"

"Nilidhani inabidi kijae."

"Kikombe kile kilitakiwa kibaki kitupu. Utupu ndio uliokuwa ushahidi wake." Akafungua faili. "Nitamwita arudie. Kumweleza kwa nini, hiyo ni kazi yako."

Mama akaitwa. Akaambiwa kipimo cha kwanza kilikuwa na kasoro, naye hakuuliza kasoro ipi. Safari hii yule kaka alinisimamisha kwenye kizingiti cha mlango, akaniambia "hapa ndo mwisho wako," akafunga. Nilizunguka jengo, nikapanda juu ya tofali, nikachungulia dirishani. Nilimwona mama kwa mgongo, ameinama. Nilijikuta naomba Mungu lisidondoke hata tone moja. Mtoto anamwombea mama yake ukame! Simu ikalia. Yule kaka akainua kikombe kwenye mwanga, akakiinamisha huku na huku, akaniona dirishani, akatikisa kichwa: hakuna kitu. Nikashangilia mpaka nikaanguka kutoka kwenye tofali.

Wakamchukua damu, wakamkata kijinyama ndani ya mdomo. Daktari alimwonyesha mama vitezi vya mate vilivyokuwa ndani yake kabla ya kuvifungia chupani, akasema vilikuwa vidogo kama chembe za mtama. Mama akarudi na nyuzi na mdomo umevimba upande, hawezi kusema wala kucheka, na mimi kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nakwepa kumchekesha. Chupa ile na damu vikapelekwa Mwanza. Tukasubiri. Nilikata kucha zangu kwa meno mpaka zikaisha, nikahamia za mdogo wangu, akanisemea kwa mama.

Majibu yalipofika, baba alimpigia shangazi simu mwenyewe, akamwambia aende na mama, akasikie kwa masikio yake. Tukakaa watatu mbele ya daktari. Akasema macho, mate, damu na kile kijinyama vyote vimekubaliana. Akautaja ugonjwa. Una jina la daktari fulani wa Ulaya wa zamani, shangazi akaomba arudiwe, akarudiwa, akaachana nalo. Daktari akasema hauambukizi, haujaletwa na mtu, na hauna dawa ya kuumaliza, ila kuna matone, kuna kutafuna bazoka isiyo na sukari, kuna kuwahi meno, na kuja kupimwa mara kwa mara kwa sababu walinzi hao wakichoka na mate wanaweza kwenda kwenye viungo na figo.

Shangazi alikuwa anasugua tu mkoba wake. "Sasa," akasema, "kule msibani... alikuwa analia?"

"Tezi za machozi zimepigwa," daktari akajibu. "Hata ungemmenyea gunia la vitunguu."

"Yaya," shangazi akasema, hapana ya Kisukuma, ile ya kukataa jambo lililokwisha kuingia. Akamgeukia mama. "Ulikuwa unalia?"

"Nilikuwa nalia, wifi."

Nje kulikuwa na jua kali. Shangazi akasimama, akanyoosha mkono, akaichukua chupa ya maji ya mama kutoka mikononi mwake, akafungua, akainywa kwa mdomo, bila kuifuta, mafunda makubwa. Akamrudishia. Mama naye akanywa. Mimi nilijifanya naangalia bodaboda.

Ilibaki kazi yangu. Niliibeba mpaka jioni ya kuamkia mtihani wa mwisho. Mama alikuwa uani anaanua matobolwa kwenye turubai, anayatenga, mimi nayapokea kwenye gunia. Nikasema "Mama," akasema "ee," nikasema "hakuna kitu," nikasema tena "Mama." Kisha nikayamwaga yote kwa kasi kama dalali wa mnada: benchi, ubuyu, kikombe, yule kaka, daktari, tofali. Nilipofika mwisho sikuwa na pumzi. Mama alikuwa amesimama na kipande kimoja mkononi. Akakirudisha kwenye turubai. Akanywa maji, akasukutua, akameza. Nilianza kuhesabu umbali wa kutoka pale mpaka getini. Ndipo mama akasema:

"Mpumbavu wewe. Lete kiganja. Si ulijifanya mdomo wangu? Haya, tema mwenyewe, wewe ndo unayo. Maneno nitasema mimi."